Naomba ushauri: pikipiki ya theluji inaishiwa resi mlimani

Wakuu, habari za majukumu. Naishi Colorado, Marekani, na msimu wa baridi napanda milima ya upande wa Rabbit Ears Pass, karibu mita 2,900 juu ya bahari. Chombo changu ni cha cc 800, mafuta ya kuchanganya na oili, kabureta mbili. Kiangazi nilitanua matundu ya silinda na kubadilisha ekzosi.

Sasa nguvu zake ziko kwenye mizunguko 8,200 kwa dakika. Pale tambarare inafika vizuri. Nikiingia kwenye theluji laini ya kiunoni na mlima umesimama, inashuka hadi 7,500 na kukwama hapo, mkanda unaopeleka nguvu toka klachi ya mbele hadi ya nyuma unachemka mpaka nausikia harufu. Kwa urefu ule injini yoyote ya kabureta imeshapoteza kama robo ya nguvu, hilo nalielewa. Ila vile vizito vya klachi ya mbele, vinavyobana mkanda injini ikizunguka, bado ni vya gramu 64, vya kabla sijaigusa injini. Nadhani ndivyo vinavyoilemea. Nishuke hadi 60, au nianze na springi ya klachi ya nyuma?

Jambo la pili linaninyima usingizi. Nimeweka jeti ndogo (vile vitundu vya kabureta vinavyopima mafuta) kwa sababu hewa ni nyepesi, lakini asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hewa inakuwa nzito, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa inavyohitaji. Mwaka jana pistoni moja ilinoki, nikatembea saa nne kwenye theluji. Plagi zina rangi ya kahawia iliyopauka. Niweke jeti kubwa zaidi kwanza kabla ya kugusa klachi?