Kibanda cha dago cha kufunga na kufungua: mnaungaje bila kuharibu mbao?

Mvuvi wa Kizingitini ameuliza:

Asalamu alaikum ndugu zangu na wazee wangu.

Kila mwaka, kusi inapokwisha na bahari kufunguka, mimi na wenzangu watano hupiga dago, yaani kambi ya wavuvi ya msimu, upande wa kisiwa cha Kiwayu huku Lamu, tukakaa huko tangu Desemba hadi kaskazi inapokatika mwezi wa Machi. Kiwanja tunachokaa si chetu; tunakikodi kwa msimu mmoja mmoja. Mwaka juzi tulijenga kibanda cha mbao na misumari, tukachimbia nguzo na kuzimwagia saruji ili ziwe imara. Siku ya kuondoka mwenye kiwanja alituambia kwamba kilichochimbiwa kwa saruji ni cha ardhi, na ardhi ni yake. Baada ya maneno mengi alituruhusu kuchukua viambaza na mabati, lakini kila msumari tuliong'oa ulipasua ubao, na mabati yakabaki na matobo. Tulirudi nyumbani na rundo la kuni, na bado deni la mbao hizo nalilipa mpaka leo.

Safari hii nataka kibanda kitakachoingia chote katika mashua moja, kijengwe kwa siku moja, kifunguliwe kwa siku moja, na msimu ujao kijengwe tena kwa mbao zile zile. Kisiwe na kipande kinachowashinda watu wawili kukibeba kutoka majini hadi juu ya ufuo. Naomba wanaojua kazi hii wanieleze maungo yafanyweje, na paa liwe la nini.

Fundi wa Matondoni:

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Pole kwa hasara hiyo.

Mimi nimezaliwa katika kazi ya kuunda vyombo, na rai yangu ni kwamba usitafute mbali. Mitepe, vyombo vya tanga vya wazee wetu, ilikuwa ikishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi bila msumari wa chuma, na ilivuka bahari. Kibanda hakiombi zaidi ya hapo. Tumia miti ya mkoko au mkandaa iliyonyooka: boriti kwa nguzo sita, mazio kwa mihimili, pau kwa kuwekea paa, na fito kwa viambaza. Nunua kwa mkataji mwenye kibali cha idara ya misitu na umwombe stakabadhi, kwa sababu miti isiyo na karatasi itakutia taabuni njiani.

Kila kichwa cha nguzo kichongwe ulimi, na kila mhimili utobolewe tundu la kuupokea ulimi huo. Kisha ulimi utokeze upande wa pili na upigwe kabari ya mti mgumu. Siku ya kufungua, kabari inagongwa kwa nyuma, na ungo lote linaachia bila jeraha. Panapopishana miti miwili pasipo ulimi usitoboe kabisa, bali funga kwa kamba ya makumbi, kisha uikaze kwa kijiti kwa kukizungusha mpaka kamba ilie. Kamba hiyo huvumilia maji ya chumvi kuliko kamba nyingine nyingi za mimea, na hata ikichakaa ni rahisi kubadilisha, lakini mti uliopasuliwa na msumari hauna dawa. Kabla ya kupakia, paka ndimi na matundu sifa, yaani mafuta ya papa, mara mbili. Harufu yake ni kali siku chache za mwanzo, ila mbao zitakushukuru.

Seremala, Malindi:

Namheshimu sana fundi wa Matondoni, na kwa mifupa ya kibanda sina la kuongeza. Ninapotofautiana naye ni kwenye viambaza. Fito zikifungwa moja moja, siku moja haitoshi, na kila msimu mtapoteza nyingine.

Plaiwudi huuzwa kwa kipimo cha futi 4 kwa 8. Ukifanya kibanda chako kiwe futi 8 kwa 12, hukati karatasi hata moja: kila upande mrefu una viambaza vitatu, kila upande mfupi viwili, jumla kumi, na kimoja kati ya hivyo ndicho chenye mlango. Sakafu ni karatasi tatu nene. Kwa viambaza inatosha plaiwudi ya milimita 6, ile ya kuvumilia maji, iliyopigiliwa juu ya fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili. Kiambaza cha namna hiyo kina uzito wa kama kilo 20, kwa hiyo kijana mmoja atakibeba, na upepo ukiwapo wakibebe wawili. Fremu na plaiwudi haziachani kamwe. Kinachofunguliwa ni mahali fremu inapokutana na fremu. Hapo toboa matundu matatu kwa keekee, juu, kati na chini, upitishe bolti yenye washa pana pande zote mbili ili nati isiume ubao. Maungo ni kumi, kwa hiyo bolti ni 30, na ununue tano za akiba kwa sababu mchangani bolti hupotea.

Usidanganyike na bolti zinazong'aa dukani. Hewa ya chumvi huzila upesi, na nati ikishikana na kutu utaikata kwa msumeno. Tafuta zilizochovywa katika zinki nzito, au za chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu, na uzipake grisi kila mara unapozifunga.

Huko Marekani wawindaji hukodi ardhi ya watu kwa mwaka au kwa msimu, nao wana shida hii hii yako, ingawa kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Baadhi yao hujenga kibanda kizima juu ya magogo mawili mazito, kisha hukiburuta kwa trekta. Kwa mchanga wa Kiwayu na mashua, njia hiyo haifai. Wengine hujenga kwa viambaza vya bolti kama nilivyoeleza, na hiyo ndiyo ya kuiga.

Kuhusu paa, makuti ni baridi na mepesi, lakini yakishakauka hayafunguliki; yanavunjika mkononi. Turubai huliwa na jua. Mimi ningechukua mabati sita ya futi 10, niyashike kwa bolti za ndoano zinazokumbatia pau, ili pau isitobolewe. Matundu ya bati yawe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni mwake, na kila bati lirudi pale pale kila msimu ili matundu yasiongezeke. Mhimili wa mbele uwe juu kuliko wa nyuma kwa futi moja. Pengo litakalobaki juu ya viambaza lizibwe kwa wavu wa mbu, lipitishe hewa. Chini ya mabati tandaza majamvi, la sivyo Februari hamtalala mchana.

Nahodha mstaafu, Faza:

Wanangu, mmesema vizuri, lakini kibanda chepesi hupeperuka. Nimeona paa zima likiokotwa na upepo usiku.

Kwa kuwa saruji haimo tena, tumieni nanga ya mchangani. Chimbeni shimo la kina cha futi tatu kila pembe, mlaze gogo la urefu wa mkono, mlifunge kamba katikati, mlifukie na kulishindilia, kisha kamba ipande hadi kwenye mhimili wa juu na si kwenye kiambaza. Siku ya kuondoka mnafukua, na mwenye kiwanja haoni alama. Mlango uwe upande wa demani, yaani usioelekea upepo. Tena msijenge kwa kutazama maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Subirini bamvua, bahari inapojaa sana, mwone mstari wa takataka za bahari unapofika, ndipo mpande juu yake kwa hatua za kutosha. Sakafu iinuke futi moja na nusu juu ya mchanga, kwa ajili ya mchwa na unyevu.

Alama za viambaza zichongwe kwa patasi, kwani rangi hufutika: alama moja pande zote mbili za ungo, kisha mbili, kisha tatu. Katika mashua pakieni kinyumenyume, mabati na majamvi yatangulie chini, nguzo na magogo ya nanga yawe juu kabisa kwa sababu ndiyo mtakayoyataka kwanza.

Na kabla ya kulipa kodi, andikianeni na mwenye kiwanja mbele ya mashahidi wawili kwamba kibanda ni chenu na mtaondoka nacho. Viongozi wa wavuvi wa ufuo huo nao wapate nakala.

Mvuvi wa Kizingitini:

Shukrani nyingi, wazee wangu. Nimeamua mifupa iwe ya boriti na mazio kwa ndimi na kabari, viambaza viwe vya bolti, na paa liwe la mabati. Nitakijenga chote kwanza uani kwangu, nikifungue na kukijenga mara ya pili kwa kufuata alama peke yake, na wale vijana watakaokwenda dago ndio watakaoifanya kazi huku mimi nikitazama saa. Fundi wa Matondoni, nitavuka kuja kwako Jumamosi na vipimo, unichongee ndimi sita, na ningependa unionyeshe kamba inavyokazwa kwa kijiti, kwa sababu hilo la "mpaka ilie" sijaliona kwa macho yangu.