Njia ya miguu na baiskeli ndani ya korongo: ipite wapi ili iwe salama?

Mkazi wa Tukuyu
Ndugu wadau, kikundi chetu hapa Rungwe kinakusudia kufungua njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, ya kilomita kama nne, ndani ya korongo la kijito kinachoingia Mto Kiwira, ili wageni wanaokuja kuona Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba, wawe na sababu ya kukaa siku nzima. Wenzangu wanataka ipite chini kabisa, sambamba na maji, kwa kuwa huko ni tambarare. Mimi nasita, maana mvua za huku mnazijua. Naomba ushauri, pamoja na upana unaofaa.

Fundi Barabara, Mbeya
Una haki ya kusita. Kabla ya kushika jembe, pitieni korongo lote mwezi wa Aprili mkitafuta alama za maji: takataka zilizonasa matawini, matope kwenye magome ya miti, mawe yaliyoviringishwa. Njia ikae juu ya alama hizo, kwa sababu mvua inaweza kunyesha Mlima Rungwe na mto ukajaa ghafla huku mlipo jua linawaka. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo onaneni kwanza na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa.

Upana wa mita 3 unatosha baiskeli na watembeao kupishana. Pale genge, yaani ukuta wa korongo, linapobana, msilichimbe ili kupata nafasi, kwani mtalilegeza. Wekeni kibao cha kumtaka mwendeshaji ashuke na kusukuma. Uso wa njia uinamishwe kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke bila kutiririka juu yake. Udongo wetu wa majivu ya volkano ukilowa huteleza kama mlenda.

Mwongoza Wageni, Iringa
Nakubaliana na Fundi, ila mmetazama mto mkasahau mlima. Katika korongo la Glenwood Canyon, Colorado, Marekani, ambako kuna njia ya baiskeli kandokando ya mto, moto wa mwaka 2020 uliteketeza miteremko, na mvua za 2021 zikashusha matope na mawe hadi barabara kuu ikafungwa kwa wiki mbili hivi. Sisi nasi nyasi huchomwa Septemba na Oktoba, kisha mvua huanza Novemba. Mteremko ukiungua, fungeni njia iliyo chini yake hadi majani yaote.

Mkazi wa Tukuyu
Ndaga sana, yaani asanteni. Tutaipandisha njia, na geti litakuwepo kila mwisho. Limebaki suala la nani ashike ufunguo. Napendekeza awe mtu wa kijiji cha juu, anayeuona mto ukibadilika rangi kabla yetu.