Saipresi ya kinamasi: kila nikikata ncha napata ufagio

Shina_Refu: Wadau, nina saipresi ya kinamasi, Taxodium distichum, naikuza kama bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo kwenye chungu. Urefu sentimita 90, unene wa kidole gumba. Naitaka ibaki ndefu na nyembamba, juu itandaze bapa kama mizee ya vinamasi vya Louisiana. Lakini kila nikikata ncha vinachipuka vitano palepale. Ufagio mtupu! Nikate wapi?

Fundi_Waya: Kukata hakujakosewa, umeishia njiani tu. Katika vitano chagua kimoja kiongoze, vingine vinyofoe vingali laini, kabla havijakomaa na kuwa vigumu. Matawi ya chini hutayahitaji mwishoni, ila usiyafyeke yote kwa mpigo: ndiyo yanayonenepesha kitako. Shina lenye unene mmoja chini mpaka juu ni fimbo ya kuchungia, si bonsai. Waya wa kuzungushia tawi ili lifuate umbo, ukague kila wiki. Mimi nilijisahau mwezi mmoja tu wa joto, ukazama kwenye gome. Kovu la mzunguko lipo hadi leo.

Bi_Mizizi: Na maji jamani. Changu kinakaa ndani ya beseni msimu wote wa joto, maji nusu ya chungu. Halafu majani yakigeuka rangi ya kutu na kupukutika, tulia, ndio tabia yake. Mti wangu wa kwanza niling'oa nikidhani umekufa. Kukwaruza gome kwa ukucha, kijani kibichi, kumbe u hai!

Shina_Refu: Pole, Bi Mizizi. Nimenyofoa vinne sasa hivi, mkono ukitetemeka. Beseni sina, nakata ndoo.