Fono priampu gani kwa Technics SL-1200GR yenye Denon DL-103? Nipo Mbeya

Mwana_Uyole
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na santuri. Nina pleya ya Technics SL-1200GR, nimeifunga katriji (kile kichwa chenye sindano) ya Denon DL-103, amplifaya ni Yamaha A-S801. Sasa nikichomeka kwenye tundu la PHONO sauti inatoka ndogo mno, nazungusha volyumu mpaka karibu na mwisho ndo nasikia kitu cha maana, na hapo lile shhhhh nalo limeshapanda linasikika mpaka jikoni. Kuna jamaa yupo Dar anauza fono priampu (kiboksi cha kukuza sauti ya santuri kabla haijafika kwenye amplifaya) ya valvu, zile taa za kioo, anasema ndo dawa yake, eti pleya ya hadhi hii kuipitishia kwenye tundu la amplifaya ni kuidhalilisha. Bei yake inazidi niliyonunulia amplifaya. Ni kweli lazima nifike huko? Na kwenye kuchagua naangalia nini hasa? Santuri zangu nyingi ni zile ndogo za spidi 45 alizoacha mzee, Morogoro Jazz na wenzao, halafu chache mpya za jazi ya Marekani. Huku kwetu huwezi kuingia dukani ukajaribu kwanza, ukinunua umenunua.

Mpita_njia
Si uchomeke tu kwenye mikisa, tundu la maiki. Maiki nayo sauti yake ni ndogo, itapanda yenyewe.

Fundi_Mwanjelwa
@Mpita_njia hapana aisee, usimpoteze mwenzio. Kazi ya fono siyo kukuza sauti peke yake. Santuri inapokatwa besi inapunguzwa makusudi ili mifereji isiwe mipana, na sauti kali inaongezwa, halafu fono inarudisha vyote mahali pake. Mkunjo wenyewe unaitwa RIAA, umekuwa kipimo cha pamoja tangu 1954, na kule chini kabisa kwenye hezi 20 inabidi irudishiwe karibu desibeli 20. Tundu la maiki halijui hayo mambo, utasikia muziki mwembamba kama unapigwa ndani ya kopo.

Mwana_Uyole, shida yako hata siyo pleya. DL-103 ni katriji ya MC, yaani ya koili inayotikisika, inatoa milivolti 0.3 basi. Tundu la PHONO la Yamaha yako ni la MM, yaani la katriji za sumaku inayotikisika, limetengenezwa kwa katriji za milivolti 3 mpaka 5 hivi. Geini (kiasi cha kukuza) ya MM kwa kawaida ni kama desibeli 40, yaani mara 100, kwa hiyo kwako inatoka milivolti 30 wakati amplifaya inataka mia kadhaa ndo ichangamke. Unahitaji desibeli 60, hiyo ni mara 1000, utapata milivolti 300 na volyumu itakaa sehemu ya kibinadamu. Kitu cha pili ni omu. DL-103 yenyewe ndani ina omu 40, na Denon wanataka mzigo, yaani ukinzani wa tundu inapochomekwa, usipungue omu 100. Kwa hiyo huyo jamaa wa Dar muulize mambo mawili tu, geini upande wa MC desibeli ngapi na mzigo omu ngapi. Akianza kukuhadithia utamu wa valvu bila kutaja namba, msalimie uendelee na safari zako. Mimi valvu sizichukii ila kwenye geini kubwa hivi zinataka ziwe zimetengenezwa kwa umakini sana, la sivyo zitakuletea shhh nyingine badala ya hiyo uliyonayo.

KihesaVinyl
Kamwene wote! Fundi kasema vizuri ila mbona anamtuma mtu moja kwa moja kwenye kununua boksi jipya. Tundu la MM analo tayari na kwenye ile Yamaha siyo baya hata kidogo. Achukue transfoma ya kupandishia tu, ile ya moja kwa kumi, inakaa katikati ya pleya na amplifaya. Milivolti 0.3 inakuwa 3, MM inaipokea kama ya kwake. Na omu zinakaa sawa, kilo-omu 47 za MM unagawa kwa 100 kwa sababu uwiano unajizidisha wenyewe, kumi mara kumi, unapata omu 470, Denon anaridhika kabisa. Haichomekwi kwenye umeme, haina valvu ya kuungua, na shhh inapungua kweli kweli. Mimi ndo natumia hivyo hapa Iringa na DL-103 hiyo hiyo.

Fundi_Mwanjelwa
Sawa transfoma ni nzuri sibishi, ila mwambie na upande wake mwingine. Ile kitu inadaka muungurumo vibaya sana, ukiiweka karibu na transfoma ya amplifaya unapata ngurumo ya hezi 50 usiku kucha. Halafu anayeagiza vitu used vya Japani akumbuke kule ni volti 100, sisi 230, kwa hiyo ikiwa ni priampu lazima aweke na transfoma ya kushushia umeme, na hiyo nayo iwekwe mbali na pleya.

Mama_Santuri
Wanangu mnabishana vizuri lakini hakuna aliyeuliza hizo santuri zenyewe zikoje. Hizi 45 za zamani za kwetu nyingi ni mono (sauti ile ile spika zote mbili), na zimepigwa kwenye mabaa na maharusi mpaka zimechoka. Mimi nipo Tukuyu, ninazo kabati zima, mvua ya huku nayo unaijua, ukungu unaziingia hata ufanyeje. Kitu kilichonisaidia kuliko bei ya boksi lolote ni kitufe cha mono. Ukikibonyeza, sehemu kubwa ya ile mikwaruzo ya sindano kupanda na kushuka inajifuta, uimbaji unabaki katikati. Tafuta na priampu yenye kuchuja mitetemo ya chini, maana santuri zilizopinda zinafanya koni za spika zinacheza mbele nyuma wakati hata besi haipo, amplifaya inahangaika bure.

Na usichoshe DL-103 kwenye santuri chakavu mwanangu. Hiyo Technics hedisheli (kishikio cha katriji) inatoka, kwa hiyo weka MM ya kawaida kwenye hedisheli ya pili uwe unabadilisha. Hapo ndo utaona kwa nini priampu yenye swichi ya MM na MC pale mbele ni bora kuliko zile zenye viswichi vidogo chini ya tumbo, kila ukibadilisha katriji unapindua boksi na kutafuta kalamu.

Mwana_Uyole
Shikamoo mama. Hili la hedisheli ya pili sikuliwaza kabisa. Kuna na zile nzito za spidi 78 kama tatu hivi za taarabu, hizo je? Halafu mtu kanitajia iFi Zen Phono, mnaionaje?

Mama_Santuri
Marahaba. Hizo weka pembeni kwanza. Pleya yako inayo spidi 78 ndiyo, ila mfereji wake ni mpana zaidi, zinataka sindano yake kubwa, na za kabla ya RIAA kila kampuni ilikuwa na mkunjo wake. Siti binti Saad alienda Bombay kurekodi 1928, huo mkunjo wa pamoja ulikuwa haujaota hata mbegu. Zipigie baadaye ukishatulia.

KihesaVinyl
Zen Phono inakufaa, ina hatua nne za geini, 36, 48, 60 na 72, kwa hiyo MM na Denon zote zinakaa, na chujio la mitetemo lipo. Kitufe cha mono cha mama ndo sijakiona kwake, itabidi utafute njia nyingine. Ila kabla hujalipa panda basi uje Iringa na katriji yako, usikilize transfoma yangu kwanza, ukiondoka bila kuridhika nauli ya kurudi juu yangu.

Mwana_Uyole
Ndaga fijo wote. Jamaa wa Dar nimemuuliza geini, kajibu "inatosha mkuu". Iringa nakuja Jumamosi.

Fundi_Mwanjelwa
Hahaha inatosha. Beba na ule waya wa ethi wa Technics, usiuache nyumbani, pale kwa jamaa ufungwe kwenye transfoma halafu wa transfoma uende kwenye amplifaya. Mkiskia ngurumo msogeze transfoma kidogo kidogo huku mnaizungusha, kuna upande inanyamaza.