Mjadala: Sikio la pili la mtoto liachwe likisubiri dawa ya kuotesha seli?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nafundisha kitengo cha watoto viziwi katika shule ya msingi, na kuna ushauri unazagaa kwa wazazi ambao naomba tuujadili bila kuogopana. Mzazi anaambiwa hospitali kuwa mtoto wake anafaa kupandikiziwa kifaa cha usikivu, ambacho waya wake huingizwa ndani kabisa ya sikio. Akiingia kwenye makundi ya WhatsApp anakuta maneno haya: "Usikubali masikio yote mawili. Waya ukishapita unaharibu kilichobaki ndani, na dawa ya kuotesha upya seli za kusikia iko njiani. Acha moja." Wengine wakisikia hivyo wanaacha yote mawili.

Msimamo wangu ni kwamba sikio lisiachwe kwa sababu hiyo. Naeleza, kisha mnipinge.

Ndani ya koklea ya binadamu, yaani ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, mna seli za vinywele kama 15,000 hivi, na zote hufanyika mtoto akiwa bado tumboni. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Zikiuawa na kelele, na ugonjwa, au na sindano za jamii ya gentamaisini na streptomaisini, hazioti tena. Wataalamu waliamini kwamba ndege nao wako hivyo hivyo, mpaka mwaka 1987 na 1988 ilipoonekana kwa kuku na kware kwamba seli zilizokufa kwa kelele au dawa zilipata mbadala wake. Mbadala huo ulitoka kwenye seli tegemezi zinazozizunguka: nyingine ziligawanyika, nyingine zikajigeuza zenyewe kuwa seli za vinywele. Samaki nao wana uwezo huo. Kwa hiyo anayesema jambo hili ni ndoto tupu, simuungi mkono.

Sisi na panya seli tegemezi tunazo, ila zimezuiwa. Kuna jeni iitwayo Atoh1 inayoamuru seli iwe ya vinywele, na kuna mfumo uitwao Notch unaoikandamiza jeni hiyo. Panya mchanga anaweza kuotesha kidogo siku za mwanzo tu za maisha yake. Mwaka 2013 timu ya Albert Edge huko Boston iliwapa panya wakubwa, walioharibiwa masikio kwa kelele, dawa ya kuizuia Notch. Zilipatikana seli mpya chache, na usikivu ulirudi kwa sehemu ndogo. Hapo ndipo habari za "dawa iko njiani" zilipopata nguvu.

Kwa binadamu mambo yamekwendaje? Kampuni ya dawa ya Novartis ilianza mwaka 2014 kupeleka Atoh1 ndani ya sikio kwa kutumia virusi vilivyotengenezwa maabara, na mpaka leo hakuna tiba iliyotoka humo. Kampuni ya Frequency Therapeutics ya Marekani ilidunga dawa yake FX-322 kupitia kiwambo cha sikio. Jaribio la 2021 halikuonyesha faida, la Februari 2023 nalo halikuonyesha, na kampuni ikaiacha kazi hiyo. Dawa ya kuzuia Notch ilijaribiwa Ulaya katika utafiti wa REGAIN, na matokeo yaliyochapishwa 2024 yanasema ni salama lakini haikufikia lengo la kuongeza usikivu. Wote waliojaribiwa humo walikuwa watu wazima. Hakuna hata mtoto mmoja aliyezaliwa bila kusikia.

Huku ubongo wa mtoto haungoji. Mtafiti Anu Sharma na wenzake walipima mawimbi ya ubongo ya watoto waliopandikiziwa, wakaonyesha mwaka 2002 kuwa wengi waliopata kifaa kabla ya miaka 3 na nusu ubongo wao uliitikia sauti kama wa watoto wenzao wanaosikia, na waliochelewa mpaka baada ya miaka 7 wengi wao haukufanya hivyo. Napokea watoto wa miaka 8 na 9 ambao hawana hata lugha moja. Jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Mchangiaji: mzazi

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umeruka habari kubwa kuliko zote. Januari 2024 madaktari wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walitangaza kuwa watoto 6 waliozaliwa viziwi walidungwa jeni sikioni, na 5 kati yao wakaanza kusikia. Mwaka huohuo ikatangazwa kuwa Cambridge, Uingereza, mtoto alipata kifaa sikio la kushoto, na la kulia likapata tiba ya jeni. Sasa niambie, lile la kulia lingekuwa limeshapitishwa waya, angedungwa wapi?

Mwanangu ana kifaa upande mmoja na anaongea vizuri. Upande wa pili nimeuacha kwa makusudi. Ana maisha marefu mbele yake, na mimi sina haki ya kutumia sikio lake lote leo. Usituweke fungu moja na wanaoacha yote mawili.

Mleta mada

Mama, umegusa penyewe, na ndiyo maana naomba tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Wale watoto hawakuoteshewa seli. Tatizo lao liko kwenye jeni ya OTOF. Seli zao za vinywele zipo, hai, zinatikisika sawasawa, ila zinakosa protini iitwayo otoferlin inayoziwezesha kumwaga kemikali ya kuiamsha neva. Walichopewa ni nakala nzima ya jeni hiyo. Ni kundi dogo miongoni mwa watoto wanaozaliwa viziwi.

Mtoto wa kundi hilo akiwa mdogo anaweza kutambulika kwa dalili yake. Kipimo cha mwangwi wa sikio, kile kinachofanywa kwa sekunde chache na kijipira, kinatoka kizuri. Kipimo cha waya za kichwani, kinachofuata ujumbe mpaka shina la ubongo, hakionyeshi kitu. Mzazi mwenye majibu ya namna hiyo mkononi ana sababu ya kudai kipimo cha vinasaba kabla ya upasuaji, na huyo nitamuunga mkono. Lakini mwenye mtoto ambaye seli zenyewe zilikufa anasubiri kitu kingine kabisa, na hicho bado hakijathibitika kumrudishia usikivu mtu yeyote.

Na faida ya masikio mawili si ndogo. Uingereza tangu 2009 mwongozo wao ni watoto wapandikiziwe pande zote mbili kwa pamoja, maana ukiwa na upande mmoja ni vigumu kujua sauti inatoka wapi, na darasa lenye kelele linakushinda.

Mchangiaji: muuguzi

Mnasahau homa ya uti wa mgongo. Bakteria wakifika kwenye koklea, baada ya ugonjwa mfupa unaweza kuanza kuota ndani yake, wakati mwingine katika wiki chache tu. Ukishajaa, waya haupiti, na dawa yoyote ya baadaye haitakuta nafasi ya kufanyia kazi. Kwa mtoto huyo kusubiri ndiko kunakoharibu sikio. Apelekwe kupimwa usikivu mara tu anapopata nafuu, asiruhusiwe kwenda nyumbani hivihivi.

Na tuzungumzie kuzilinda hizi seli. Wagonjwa wangapi wa kifua kikuu sugu waliondoka wamepona mapafu na masikio hayasikii kwa sababu ya kanamaisini, sindano ya jamii ileile ya gentamaisini? Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza mwaka 2018, tiba ikahamia kwenye vidonge. Uamuzi huo mmoja umeokoa seli nyingi kuliko maabara zote mlizozitaja.

Mchangiaji: kiziwi, Nairobi

Nimesoma yote. Mmehesabu seli, mmehesabu miaka, na lugha ya alama haijatajwa hata mara moja, hata na mwalimu wa viziwi. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto wa miaka 8 asiye na lugha hakukosa kifaa tu. Alinyimwa mikono ya wazazi wake. Wekeni kifaa, msiweke, subirini Shanghai, lakini anzeni kumwongelesha kwa alama wiki hii. Haihitaji upasuaji wala foleni.

Mchangiaji: mzazi

Kaka, nyumbani kwetu tunatumia alama, hata bibi yake anajaribu. Ndiyo maana nina ujasiri wa kuacha sikio la pili: lugha anayo. Mwalimu, hilo hujalijibu.

Mleta mada

Kaka wa Nairobi, nakubali bila kipingamizi, na darasani kwangu alama ndizo zinazotangulia. Mama, mtoto mwenye lugha tayari hayumo kwenye hatari ninayoililia. Kwake yamebaki masuala ya kusikia darasani na ya chanzo cha uziwi wake. Umeshampima vinasaba? Na yeyote humu aliyempima mtoto OTOF, atuwekee utaratibu: sampuli ilichukuliwa wapi, ilipelekwa nchi gani, na majibu yalichukua muda gani.