Kijana aliyezaliwa njiti: chati ya macho anaisoma yote, mbona ngazi zinamshinda?

Mzazi_Langoni: Assalaam aleikum. Kijana ana miaka 13, alizaliwa wiki ya 29 na gramu 1,200. Chati anasoma 6/6 kila jicho. Lakini ngazi za nyumba anashuka akipapasa kwa mguu, gatini anajikwaa, na akisoma huruka mistari. Shuleni wasema hana makini. Nianzie wapi?

Mpima_Macho: Waaleikum salaam. Chati hupima ukali wa kuona tu. Kwa aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32, nyuzi nyeupe zilizo kando ya vyumba vya maji ya ubongo huweza kuumia. Zinazobeba picha ya upande wa chini ndizo zilizo jirani zaidi na vyumba hivyo, ndiyo maana jicho huwa zima na kidato kisionekane. Mkalie mkabala, umbali wa mkono mmoja. Azibe jicho moja, jingine alikazie pua yako. Pandisha kidole polepole kutoka magotini, ukikichezesha, aseme anapokiona. Rudia kutoka juu na pande zote mbili, kisha jicho la pili. Miwani haitarudisha sehemu asiyoiona. Atafundishwa kuinamisha kichwa na kushika ukuta. Ukingo wa kila kidato upake mstari wa manjano.

Muuguzi_Mld: Retina nayo, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, isisahaulike. Aliyeugua retina uchangani hubaki na hatari ya kubanduka kwake hata ujanani, kwa hiyo apimwe kila mwaka kwa matone ya kupanua mboni. Matone huacha ukungu saa kadhaa, pengine hadi kesho yake: asipande boti Mokowe, gati ya Lamu upande wa bara, bila wa kumshika mkono. Beba kijitabu cha kliniki chenye uzito wa kuzaliwa na siku za oksijeni.

Mwalimu_Mkomani: Kuruka mistari ni msongamano wa maandishi, si uzembe, nasi walimu tusimwite mvivu. Kata kadi nyeusi, toboa tundu la mistari 2 au 3, aiteremshe anaposoma. Fonti iwe 18 hadi 24. Tathmini ya EARC, kituo cha serikali cha kupima mahitaji maalumu ya wanafunzi, ifanywe mapema, kabla ya Gredi ya 9, kwani shule itahitaji ripoti kumwombea muda wa ziada mtihanini.

Mzazi_Langoni: Nimempima. Juu na pande yuko sawa. Chini haoni mpaka kidole kifike kifuani, macho yote mawili.

Mpima_Macho: Yote mawili sawasawa huelekeza kwenye ubongo. Mwandikie daktari hivyo hivyo, umwombe kipimo cha uwanja wa kuona, yaani eneo lote jicho linaloliona likitazama mbele. Akiona vimulimuli, vidoa vya ghafla au kama pazia linashuka, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje miadi.