Naomba ushauri: ziara ya mafunzo ya darasa la tano, Mafinga kwenda Isimila (na Kalenga?)

MwalimuMufindi

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali hapa Mafinga, watoto 84. Mwaka huu nataka watoke nje ya kuta nne. Zama za Mawe tunazifundisha kwa kuchora shoka la jiwe ubaoni. Watoto wananakili, mtihani ukija wanajibu, wanapata vema, basi. Na Isimila, pale zilipopatikana zana za Zama za Mawe, iko kilomita kama 60 kutoka hapa, kando ya barabara hiihii ya kwenda Iringa. Wengi wao wameshaipita ndani ya basi bila mtu kuwaonyesha hata kibao. Inaniuma kwa kweli.

Kikao cha wazazi kimekuja na mengi. Kuna wanaotaka tuunganishe Isimila, Kalenga (kwenye makumbusho ya Mkwawa) na Hifadhi ya Ruaha siku moja ili watoto wakaone tembo. Wengine wanasema siku nzima barabarani ni vipindi vilivyopotea. Mwalimu mkuu anaikubali ziara ila anaogopa neno "mchango".

Kwa mliowahi kupeleka watoto: twende wapi, wakifika wafanye nini hasa, na asiyekuwa na nauli nimsaidieje?

ChakiNyeupe

Hongera mwalimu mwenzangu. Ruaha iondoe kwenye hesabu. Kutoka Iringa mjini hadi getini ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Mafinga ni siku ya kushinda ndani ya gari. Watoto watarudi wamelala, wameona vumbi na twiga mmoja wa mbali.

Nenda Isimila peke yake, ukae hapo saa tatu au nne. Faida yake ni kwamba kuna kazi ya mikono. Gawa makundi ya watoto sita sita, kila kundi liwe na kamba, rula, penseli na karatasi ngumu. Kila kundi lichague zana moja kati ya zile zinazoonyeshwa, likadirie urefu na upana bila kuigusa, liichore kwa ukubwa wake halisi. Mtoto akishachora shoka la jiwe refu kuliko kiganja chake ndipo anaanza kuuliza lilishikwaje, na upande upi ulikuwa wa kukatia. Maswali hayo ubao hauyatoi.

Waambie pia kwamba mwaka 1951 aliyeokota zana pale na kufanya wataalamu wapatupie macho alikuwa mwanafunzi kutoka Afrika Kusini. Uchimbaji wenyewe ulifuata mwishoni mwa miaka ya 1950. Darasa langu waliposikia hivyo walianza kutazama chini wakitembea. Kwa hiyo lazima sheria ieleweke kabla ya kupanda gari: hakuna kokoto inayoingia mfukoni. Jiwe likitolewa mahali pake, mtaalamu hawezi tena kujua lilikuwa tabaka gani na pamoja na nini.

Sasa zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua kwenye korongo la Isimila. Usisubiri mpaka mfike. Wiki moja kabla, tengeneza kichuguu cha udongo nyuma ya darasa, ushindilie, upange kokoto juu yake. Toboa kopo matundu madogo, mtoto mmoja amwage maji polepole kama mvua. Udongo ulio wazi unaondoka, ule uliofunikwa na kokoto unabaki umesimama kama vijinguzo. Rudia na udongo usioshindiliwa waone tofauti. Wakifika Isimila na kukuta nguzo zinazozidi urefu wa nyumba, hakuna atakayehitaji kuelezwa mmomonyoko ni nini. Hapo umefundisha Historia na Jiografia na Mazingira kwa safari moja, na hao wazazi wanaolilia vipindi watakuwa wamejibiwa.

MamaPacha

Mwalimu, naongea kama mzazi. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, mchango wa lazima hauruhusiwi, kwa hiyo mwalimu mkuu ana haki ya kuogopa. Pitisheni jambo hili kwenye kamati ya shule, liandikwe kwenye muhtasari kuwa ni hiari, na mpate kibali cha afisa elimu kabla hata ya kutaja kiasi.

Halafu nakuomba kitu kimoja kwa moyo wote: usisome majina ya waliolipa mbele ya darasa. Nimemwona mtoto aliyeachwa siku ya ziara akifagia uwanja wakati wenzake wanapanda gari. Hilo halitoki moyoni mwa mtoto. Kama pesa haitoshi wote, ahirisheni mpaka itoshe.

Huku kwetu wazazi wengi pesa taslimu hawana ila mazao wanayo. Debe la mahindi au ndoo ya viazi ni mchango. Kamati ikiuza kwa pamoja inapata bei nzuri kuliko kila mzazi kuuza peke yake.

MsonobariMrefu

Nafanya kazi za misitu huko huko kwenu. Mbona mnaanza na mbali? Mmezungukwa na Shamba la Miti Sao Hill, watoto wanaishi katikati ya paina na milingoti, na wengi hawajui mche unaanzaje. Andika barua, omba siku moja kwenye kitalu. Wajaze viriba udongo wenyewe, wasie mbegu, wahamishe miche. Mzizi wa paina una kuvu wake anayeusaidia kunyonya chakula, ndiyo maana kwenye kitalu huchanganywa udongo uliotoka chini ya paina wakubwa. Mtoto akilishika donge lile lenye nyuzi nyeupe haliachi.

Kazi nyingine nzuri ni kuhesabu pete za gogo. Ndani ya kiwanda cha kupasua mbao USIINGIZE watoto, misumeno haina mzaha. Omba gogo moja liwekwe nje, mbali na mashine. Wahesabu, waandike, halafu mwenye shamba awaambie mti ulipandwa mwaka gani. Wakipishana, watafute sababu. Kupishana huko ndiko sayansi.

Na jibu la nauli liko hapohapo: shule ianzishe kitalu chake cha paina na parachichi. Mufindi miche inauzika. Mwakani ziara inajilipia.

DerevaMstaafu

Mimi nimeendesha hiyo barabara miaka mingi. Ni njia ya malori ya Zambia na Kongo, usiichukulie kama ya kijijini. Kila mtoto na kiti chake, hakuna kupakata wala kukaa kwenye ndoo katikati. Kosta hazitatosha mbili kwa watoto 84 na walimu, usikubali dalali akushawishi. Gari likaguliwe na trafiki siku moja kabla, tairi na breki, sio asubuhi ya safari wakati watoto wameshajipanga.

Msimu pia muhimu. Mvua ikianza, lile korongo la Isimila linateleza. Miezi ya baridi ukungu wa Mufindi asubuhi haukuruhusu kuona mita chache mbele. Mwishoni mwa Agosti au Septemba ni salama zaidi. Ondokeni kukiwa kumepambazuka vizuri, mrudi jua likiwa juu.

MzeeWaKalenga

Kamwene mwalimu. Nisingependa Kalenga isahauliwe, ila nakubaliana na ChakiNyeupe kwamba isibanwe kwenye safari hiyo. Makumbusho ile ni ndogo, watoto 84 hawaingii pamoja. Na kinachowakabili ni fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambalo lilirudishwa 1954 baada ya kukaa Ujerumani tangu zama za vita hivyo. Mtoto wa miaka kumi na moja asikutanishwe na fuvu kwa dakika tano huku mwingine anamsukuma nyuma. Kwanza asikie habari za Lugalo, pale Wahehe walipowashinda Wajerumani mwaka 1891, ajue kwa nini Mkwawa mwaka 1898 alichagua kujiua kuliko kukamatwa. Waalike wazee wa Kihehe waje shuleni wasimulie. Darasa la sita ndipo uwapeleke, nusu kwa nusu.

MwalimuMufindi

Asanteni sana, mmenipa mwanga. Nimekaa na mwalimu mkuu leo. Tunaanza na kitalu cha Sao Hill muhula huu kwa sababu watoto wanaweza kwenda kwa mguu, na wenyewe tutafungua kitalu chetu nyuma ya maktaba. Isimila tunaiweka Septemba, wote au hakuna anayekwenda. Kopo la matundu nimeshatoboa.

Limebaki moja. Nina binti anayetembea kwa magongo, mwerevu sana. Kushuka korongoni nina wasiwasi naye. Wenzangu wanashauri abaki kwenye gari na mwalimu mmoja.

MamaPacha

Asibaki kwenye gari, mwalimu wangu. Muulize yeye na mama yake anaweza kwenda umbali gani, halafu wewe tangulia uende ukaikague njia kabla. Pale atakapoishia, kazi ya kundi lake iishie hapo pia: wapimie hapo, wachoree hapo, yeye ndiye ashike rula na daftari la vipimo. Makundi mengine yakishuka kwenye nguzo, kundi lake liende kwa zamu, wawili wawili, wenzake wabaki naye. Na mwambie dereva asogeze gari karibu kadiri anavyoruhusiwa.

ChakiNyeupe

Naunga mkono. Piga simu ofisi ya kituo mapema, waeleze una mtoto wa magongo, wakupangie mwongozaji wa pili. Usisubiri kuomba siku ya kufika.